Majiliwa ya Kabari: Chombo cha Fundi Asiye na Mtaji



Wako vijana wetu waliorudi kutoka vyuo vya ufundi na cheti cha useremala mkononi, kisha wakaishia kukaa barazani. Ukiwauliza sababu, watakujibu kwamba msumeno na randa wanavyo, au wataviazima kwa ami yao, ila hawawezi kupokea kazi ya meza kwa kuwa hawana majiliwa ya kubania mbao, au klampu kama waziitavyo wenyewe. Hoja hiyo hatuibezi. Jiliwa refu la chuma ni ghali, na moja halitoshi: meza ya kulia yahitaji matatu au manne kwa wakati mmoja. Lakini hiki ni miongoni mwa vyombo ambavyo seremala aweza kujitengenezea kwa mabaki ya mbao, na kikambania barabara. Mchagua jembe si mkulima.

Yafaa kwanza tufahamu jiliwa hufanya nini. Gundi nyeupe ya mbao haina nguvu ya kuziba mwanya. Nguvu yake hupatikana pale mbao mbili zinapogusana urefu mzima, na baina yao pakawa na utando mwembamba tu. Pakibaki nafasi, gundi hunywea inapokauka na kiungo kikawa dhaifu. Wako wanaoweka mawe juu ya mbao, ilhali jiwe hukandamiza kwenda chini, na kiungo chataka kubanwa kutoka ubavuni. Wako wanaopiga misumari, nao msumari hushika pale ulipopigwa tu. Siku ya kukabidhi, meza hiyo yang'aa kwa vanishi wala mteja haoni kasoro. Baada ya miezi kadhaa ufa hutokea katikati, naye alikwisha kulipa. Kazi ni amana, na ufa ule ni hasara ya mwenye meza na jina la fundi kwa pamoja.

Tuchukue mfano wa meza yenye upana wa sentimita 75. Tafuta mti ulionyooka wa inchi 3 kwa 2, urefu wa mita 1 na robo. Huo ndio mhimili. Karibu na ncha moja funga kizuizi cha mbao ngumu kwa gundi na bolti mbili zinazopenya hadi upande wa pili. Usitegemee misumari, kwani nguvu yote ya kubana huishia kwenye kizuizi hicho, na msumari hung'oka. Upande wa pili funga kizuizi kingine namna ileile, ukiacha baina ya viwili hivyo nafasi ya sentimita 81: 75 za mbao za meza, 2 za kibao cha kukinga, na 4 za kabari.

Kabari ndizo roho ya chombo. Chukua kipande cha mbao ngumu, kama vile mabaki ya mbambakofi kutoka kwa wachonga milango, chenye urefu wa sentimita 20 na upana wa sentimita 4 na nusu. Kikate kwa mshazari, ili kila kabari iwe na sentimita 3 na nusu upande mnene na sentimita 1 upande mwembamba. Kipande kimoja chatoa kabari mbili. Zilaze zikitazamana, nene ya hii kwa nyembamba ya ile, na pande zake za nje zitakuwa sambamba. Zikigongwa zipishane sentimita 8, unene wake wote pamoja huongezeka sentimita 1. Mteremko huo mdogo ndio unaozifanya zishike bila kurudi nyuma. Ukiukata mkali, kabari zitachomoka. Usizipake nta wala mafuta, maana msuguano ndio kufuli lake.

Mhimili, kwa upande wake, usugue kwa mshumaa pale mbao zitakapolala, ili gundi isiunate. Kisha panga mbao na ubane bila gundi kwanza. Zitazame dhidi ya mwangaza: ukiona nuru katika kiungo, rudi kwenye randa. Jiliwa halikuwekwa kusahihisha mbao iliyopinda. Kiungo kikikaa sawa, fungua, paka gundi, weka kile kibao cha kukinga ukingo wa meza usichubuke, halafu gonga kabari mbili kwa nyundo mbili, polepole. Vitone vidogo vya gundi vikitokeza mfululizo juu ya kiungo, acha. Anayeendelea kugonga huikamua gundi yote nje, akabaki na kiungo kikavu.

Panga majiliwa kwa nafasi ya sentimita 30 hadi 40, moja chini ya mbao na la pili juu, yakipokezana hivyo, ili meza isijikunje. Acha yabane kwa saa nzima au zaidi, wala usiipige randa meza hiyo hadi kesho yake. Subira yavuta heri.

Kwa kiti ambacho miguu imelegea, mhimili haufai, kwa kuwa chabanwa kutoka pande zote nne. Hapo yatosha kamba. Wazee wetu walijenga mitepe, majahazi yaliyoshonwa kwa kamba za makumbi pasipo msumari, kwa hivyo nguvu ya kamba juu ya mbao si ngeni kwetu. Izungushe kamba mara mbili kwenye miguu, pitisha kijiti baina ya nyuzi zake, kisha sokota. Kila mzunguko wakaza zaidi. Ikishakaza, kiegemeze kijiti kwenye ubao wa kiti kisifunguke, na weka vipande vya katoni penye pembe ili kamba isiache alama.

Wazazi wenye kijana wa aina hii nyumbani, msingoje mpaka zipatikane fedha za duka zima la vyombo. Mpeni vipande vya mbao na bolti nane, atapata majiliwa mawili kwa siku moja, na mengine mawili atakapolipwa. Kazi ya kwanza na iwe kiti cha bibi yake kinachoyumba pale ukumbini. Kikisimama imara, jirani atauliza nani amekitengeneza.

Tukijaaliwa, juma lijalo tutaeleza namna ya kunoa randa.