Nirudishieni Distribyuta Yangu

Kuna ugonjwa umewaingia wenye magari ya zamani hapa Bongo pamoja na mafundi wao. Peleka Beetle gereji, hata kama umefuata plagi tu, utaambiwa: "Bosi, tupa hiyo distribyuta, weka 009." Ukiuliza kwa nini, jibu ni moja: "Wote wanaweka."

Nami niliweka. Naungama.

Gari langu ni la mwaka 1972, injini 1600, kabureta moja. Distribyuta yake ya asili ilikuwa na kikopo cha bati ubavuni, chenye mpira mwembamba unaotoka kwenye kabureta. Fundi akasema kikopo kile ni mambo ya kizamani. Nikaenda Gerezani, nikanunua mpya inayong'aa, tukaifunga. Muungurumo mtamu kweli! Kesho yake, kwenye taa za Magomeni, kijani ikawaka, nikakanyaga mafuta... gari likakohoa, likasita katikati ya makutano. Nyuma yangu daladala. Aliyonitukana konda siwezi kuyaandika hapa.

Jamani, kikopo kile si pambo. Cheche haisubiri pistoni ifike juu kabisa, hupigwa kabla kidogo, maana petroli na hewa huchukua muda kuungua. Injini ikizunguka kasi, cheche lazima iwahi zaidi, na hiyo ni kazi ya vyuma viwili vidogo ndani ya distribyuta vinavyotanuka kwa mzunguko. 009 inavyo hivyo tu, basi. Lakini mjini tunakanyaga mafuta kidogo kidogo, silinda inapata mchanganyiko haba, na mchanganyiko haba huungua polepole. Hapo cheche inatakiwa iwahi hata kama mzunguko haujapanda. Kikopo ndicho kinachohisi mvuto wa hewa kutoka kwenye kabureta na kuisogeza. Ukiking'oa, injini inabaki na cheche iliyochelewa, na petroli inaungua bila faida. Kwa bei hii ya petroli?

Najua mtaniletea habari za mbio. Ni kweli, mwaka 1962 Tommy Fjastad alishinda East African Safari na VW 1200, na mimi pia napenda kuisimulia. Lakini wewe unakwenda kazini Posta. 009 haina kosa kwenye injini inayokanyagwa mpaka mwisho au inayozunguka kwa mwendo ule ule. Kosa ni kuifunga kwenye kabureta moja iliyotengenezwa ifanye kazi na kikopo.

Halafu njoo uone dawa ya mafundi. Gari likisita, wanatoboa jeti ya kabureta iwe pana, yaani ugonjwa wa cheche unatibiwa kwa petroli zaidi. Taimingi wanapanga kwa sikio! 009 hupangwa kwa taa ya taimingi, injini ikiwa juu ya mizunguko 3,000 kwa dakika, cheche ikae kati ya digrii 28 na 32 kabla ya pistoni kufika juu. Ikiwahi mno, injini inagonga na kuchemka. Na Beetle hupozwa kwa upepo, haina geji ya joto ya kukuonya. Utajua pistoni ikishatoboka.

Sipingi vipya. Zipo distribyuta mpya zenye kikopo, nyingine zimeondoa platini na kuweka kifaa cha elektroniki. Hizo nunua, funga, furahi. Ninachopinga ni huku kufuata mkumbo. Na hapa najisema mwenyewe kwanza: mwandishi wa habari, ambaye kazi yangu ni kuuliza "kwa nini", nilipewa jibu la "wote wanaweka" nikatoa hela.

Nilirudi gereji kuifuata ile ya zamani. Fundi akacheka. Ilishapimwa kilo, ikaenda na wanunuzi wa chuma chakavu. Beetle ya mwisho ilitoka kiwandani Puebla, Mexico, mwaka 2003, na sisi tunaziuza spea zake za asili kwa kilo kama mabati ya banda la kuku.

Kama unayo moja imelala stoo, ya kikopo, hata mpira wake uwe umepasuka, usiiuze kwa kilo. Niandikie, nitakuja kuichukua mwenyewe. Kwa daladala.