Kikulacho ki Nguoni Mwako: Ujasusi Kabla ya Willy Gamba

Katika semina moja ya uzamili, mwenzangu alidai kwamba ujasusi ni mgeni katika fasihi ya Kiswahili. Kwamba uliingia kwa mlango wa riwaya pendwa, hususan Kufa na Kupona (1974) ya Elvis Musiba, iliyomzaa mpelelezi Willy Gamba. Wengi waliafiki. Mimi nilikataa, na sababu yangu haikutoka maktabani. Nimelelewa Wenje, ukingoni mwa Mto Tana, na habari za Fumo Liyongo nilizisikia kwa nyanya kabla sijajua kusoma. Kaburi la shujaa huyo, kwa mujibu wa mapokeo, li Ozi karibu na Kipini, mto huu unakoingia baharini.

Hebu tuitazame hadithi yenyewe, iliyochapishwa na Edward Steere mwaka 1870 na kutungiwa utendi na Muhamadi Kijumwa mwaka 1913. Liyongo amefungwa Pate, naye hawezi kunena ila walinzi wasikie. Basi anamwimbia kijakazi Saada, na wimbo huo una agizo kwa mama yake. Mama anaoka mkate wa wishwa na kuficha tupa ndani. Walinzi, kama ilivyo desturi yao, wanakula vyakula vizuri na kumwachia mfungwa makapi. Dharau yao ndiyo inayopitisha chombo. Hatimaye Liyongo anaomba apigiwe ngoma ya gungu, na vishindo vyake vinafunika sauti ya tupa ikikata pingu. Ujumbe wa mafumbo, maficho, na kelele za kuziba masikio: ni mbinu ipi ya kijasusi iliyosalia?

Imesalia moja, nayo ilikuwa mikononi mwa mtawala. Alipoona silaha hazimwezi Liyongo, alimtuma mwanawe mwenyewe, kwa ahadi ya kuozwa binti wa mfalme, akachunguze kinachoweza kumwua baba. Jibu likawa sindano ya shaba kitovuni. Kikulacho, wahenga walisema, ki nguoni mwako.

Hapa ndipo ninapotofautiana na wanaoisoma hadithi hii kama kisa cha ushujaa tu. Mwaka 2012, nikiwa shule ya msingi, mapigano baina ya Wapokomo na Waorma katika Delta ya Tana yaliua watu zaidi ya 100. Miezi ile kijijini kwetu kila mgeni aliitwa mpelelezi. Mwanamke aliyeolewa upande wa pili alitazamwa kwa jicho baya alipokuja kumjulia hali mamaye. Nakumbuka watu wazima wakitaja kisa cha mwana wa Liyongo ili kuthibitisha kwamba hata damu yako si ya kuaminiwa.

Je, huo ndio ujumbe wa hadithi? Nasema sivyo. Wanaoitumia hivyo huisahau nusu yake. Ni kweli kwamba mwana alimsaliti baba. Lakini mama, na Saada aliyepita mbele ya walinzi wale wale, walimwokoa. Ukaribu uliotumiwa kumwangamiza ndio uliokuwa umempa uhai. Aidha, mwana hakuozwa binti yule. Aliyemtuma alimtupa kazi ilipokwisha. Hadithi inatuelekeza kumtafuta anayetuma na kuahidi, badala ya kumshuku kila anayebisha hodi.

Kwa hivyo, wanafunzi na wahadhiri wa Kiswahili tuna wajibu wa aina mbili. Kwanza, tuufundishe ujasusi kama dhamira kongwe ya fasihi yetu, tukimweka Willy Gamba katika ukoo wake halali. Pili, tuzirejeshe hadithi hizi zikiwa nzima mahali zilikotoka. Tahakiki inayoishia darasani, ilhali kule Tana nusu ya hadithi inatumiwa kumfukuza binti mlangoni kwa mamaye, haijatimiza kazi yake.