Kioo hakijafa, kipimwe kwanza

KAULI YA JUMAMOSI
Na Salma Kihwelo

Jioni mhasibu amezima kompyuta, akabonyeza kitufe cha kioo, kisha akazima na swichi ya ukutani kama bosi alivyoagiza ili kubana matumizi ya umeme. Asubuhi anawasha. CPU inaunguruma, taa ndogo ya kioo inawaka rangi ya machungwa, lakini kioo chenyewe ni cheusi tii. Anazima, anawasha tena, hola. Kabla ya saa nne hukumu imeshatoka: kioo kimekufa, kanunue kingine.

Hukumu hiyo mara nyingi ni ya uonevu, na wanaoilipia ni watu wasio na fedha ya kuchezea. Steshenari ya mtaani yenye kompyuta moja ikikaa siku mbili bila kioo, kodi ya fremu inayumba. Shule ya kata iliyopewa kompyuta za msaada, kila kioo kinachopelekwa stoo kinaacha wanafunzi wawili watatu wakichungulia begani kwa wenzao. Ninachodai ni kimoja tu: kioo kisitangazwe kimekufa kabla hakijapimwa mbele ya mwenyewe.

Tuanze na ile taa ya machungwa, maana ndiyo inayopuuzwa zaidi. Ikiwaka na kutulia, kwa kawaida maana yake ni kwamba umeme unafika kwenye kioo na kioo kinasubiri picha. Utaratibu huu una historia. Mwaka 1993 VESA, chama cha watengenezaji kinachoweka viwango vya vioo, kilikubaliana namna ya kukilaza kioo: kompyuta inakata mawimbi inayokitumia, nacho kinalala, mawimbi yakirudi, kinaamka. Kwa hiyo kioo kilicholala hakijakosa kitu, kimekosa habari kutoka upande wa pili. Upande wa pili ndio wa kuulizwa kwanza.

Na kuuliza hakuhitaji fundi. Bonyeza Caps Lock kwenye kibodi. Taa yake ikiwaka na kuzimika kila unapobonyeza, kompyuta iko hai na inakusikia, tatizo liko kati yake na kioo. Isipobadilika, yawezekana kompyuta yenyewe ndiyo iliyoganda au haijaamka, na hata ukinunua vioo vitatu hutaona picha. Hapo kazi ni ya CPU: kuizima kabisa, na ikibidi fundi achomoe RAM, aisafishe na kuirudisha. Kama Caps Lock inaitika na unatumia Windows, bonyeza kwa pamoja kitufe cha Windows, Ctrl, Shift na B. Hiyo inaianzisha upya programu inayoendesha kadi ya picha, bila kupoteza kazi uliyoiacha wazi. Watu wengi wanaokaa mbele ya kompyuta kutwa hawajawahi kuambiwa jambo hili, nami naona ni haki yao kulijua.

Halafu kuna kebo. Zile za zamani za VGA, zenye kichwa cha bluu na pini 15, adui yake ni kulegea na pini kupinda. Hizi mpya zina tabia nyingine. Kwenye HDMI, pini ya 19 ndiyo inayoiambia kompyuta kwamba kuna kioo kimechomekwa, na DisplayPort nayo ina pini yake ya kazi hiyo. Vioo vingi ukivizima kwa kitufe, hasa vinavyotumia DisplayPort, kompyuta inaona kama vimechomolewa kabisa. Ukiviwasha inabidi vijitambulishe upya, na kujitambulisha huko wakati mwingine kunakwama. Dawa yake ni kuchomoa kebo na kuichomeka tena kompyuta ikiwa inawaka, kisha kuingia kwenye menyu ya kioo na kuhakikisha kimechagua mlango ule ule uliochomeka kebo. Kwenye menyu hiyo hiyo, baadhi ya vioo vina sehemu ya usingizi mzito. Kizime hicho kipengele.

Kebo za bei ya kutupa zina kasoro moja ambayo hata mafundi wengi hawaijui. Kebo ya kawaida ya DisplayPort haitakiwi kuunganisha pini ya 20 ya upande mmoja na ya upande wa pili, kwa sababu pini hiyo ina umeme wa volti 3.3. Kebo zilizotengenezwa ovyo zinaiunganisha, umeme wa kioo unarudi ndani ya kadi ya picha, na matokeo yake ni vituko: kompyuta inagoma kuwaka mpaka uchomoe kebo, au kioo kinagoma kuamka. Mtu anabadilisha kioo, anaacha kebo ile ile, na ugonjwa unabaki.

Kama yote hayo hayakusaidia, chomoa kioo kwenye soketi, shikilia kitufe chake cha kuwashia kwa nusu dakika ili umeme uliobaki ndani uishe, kiache dakika chache, kisha kichomeke moja kwa moja ukutani, siyo kwenye ekstensheni inayobeba na printa na feni. Kikiendelea kuwa cheusi, funga mapazia umulike kioo kwa tochi ya simu kwa pembeni. Ukiona picha hafifu, basi picha inafika na kilichozimika ni taa za nyuma. Hata hapo kioo hakijafa, kina ugonjwa wenye jina.

Nikirudi kwa yule mhasibu wetu: kwa nini kioo kigome baada ya kuzimwa ukutani tu, wakati wiki nzima kilikuwa kinafanya kazi? Hapa ndipo penye jambo ambalo ningependa kila mnunuzi wa ofisi alijue. Ndani ya kioo kuna saketi ya pawasaplai yenye kapasita, vile vifaa vidogo vinavyohifadhi umeme. Zinapochoka, zinaweza kuendelea kujikongoja kwa miezi kadhaa mradi kioo hakizimwi kabisa. Siku kikipoa, zinashindwa kukiamsha. Dalili zake ni kioo kuwaka sekunde mbili na kuzimika, taa kupepesa, au kuhitaji kuwashwa mara nyingi ndipo kiitike. Mwanzoni mwa miaka ya 2000 dunia ilijaa vifaa vyenye kapasita mbovu, lakini hata kapasita nzuri huzeeka, na joto la Dar es Salaam haliziongezei umri.

Kuna kijana fundi pale Kariakoo niliyesimama mezani kwake akifungua kioo cha namna hii. Alipitisha kadi ya plastiki kwenye ukingo wa fremu, klipu zikaachia moja moja, vumbi likamwagika. Kapasita mbili zilikuwa zimetuna kichwani, moja ina ukoko wa kahawia chini yake. Akazing'oa, akaweka nyingine za maikrofaradi 1000 na volti 25, sawasawa na zilizotoka. Kioo kikawaka. Kila kapasita ilikuwa na bei isiyofika sahani ya chipsi. Mwenye kioo alikuwa ameshaambiwa kwingine kwamba hakitengenezeki, na alikuwa na fedha ya kioo kipya mfukoni.

Nasisitiza kwamba hii ni kazi ya fundi, siyo ya mhasibu wala ya mwanafunzi. Umeme wetu ni volti 230, na ile kapasita kubwa ya pawasaplai inaweza kushika zaidi ya volti 300 hata baada ya kuchomoa waya. Inaua.

Wenzetu wa Umoja wa Ulaya wameliweka hili kwenye sheria. Tangu Machi 2021, mtengenezaji au mwagizaji wa vioo huko anatakiwa kuhakikisha mafundi wanapata vipuri kwa angalau miaka saba baada ya kioo cha mwisho cha toleo husika kuingia sokoni, na orodha ya vipuri hivyo inataja pawasaplai ya ndani na kapasita zinazozidi maikrofaradi 400. Kapasita zimetajwa ndani ya sheria! Sisi tunaonunua vioo vilivyokwishatumika huko ndio tungepaswa kuwa wa kwanza kudai masharti ya namna hiyo, maana vinatufikia vikiwa vimeshazeeka nusu. Takataka za elektroniki duniani zilifika tani milioni 62 mwaka 2022, na zilizokusanywa na kurejelewa kwa utaratibu unaojulikana hazikufika robo. Vioo vya zamani vina taa zenye zebaki. Kila kimoja tunachokitupa bila sababu kinaishia kwenye madampo yetu.

Ninyi mafundi, mwonyesheni mteja kilichoharibika kabla hamjamtajia bei ya kingine. Mteja naye adai kukiona. Na walimu wakuu mlio na vioo vilivyorundikwa stoo, likizo ijayo mwiteni fundi mmoja akae navyo siku nzima, kimoja baada ya kingine, kabla hamjaandika barua nyingine ya kuomba msaada.