Nani Afungue Hilo Begi?

Jumatatu ya Pasaka nilimpeleka mpwa wangu kwenye bustani moja ya michezo hapa Nairobi, zile za bembea, treni ya watoto na kasri za kurukia. Ana miaka saba. Langoni kulikuwa na njia mbili. Njia ya magari: kioo kikapitishwa chini ya gari, buti ikafunguliwa na kufungwa kabla hujamaliza kupiga chafya, "karibu mkubwa", pita. Njia ya sisi tulioshuka matatu ilikuwa na meza, glavu, kile kijiti cha kulia, na dada mmoja mlinzi aliyetoa vitu vyangu kwenye begi kimoja kimoja kama anayepanga bidhaa sokoni. Akapata chupa ya maji. Akapata njugu. Akapata juisi ya mtoto. Vyote vikaingia kwenye karai kando ya meza, ambalo tayari lilikuwa limejaa mandazi, ndizi na soda za watu.

"Ni mambo ya usalama, boss," akaniambia alipoona nimekunja uso.

Begi langu lina mfuko mwingine kwa nyuma, wenye zipu. Huo hakuugusa.

Ndani, chupa ya maji kama ile waliyoninyang'anya ilikuwa inauzwa mara tatu ya bei ya dukani. Hapo ndipo nilipoelewa ni usalama wa nani unaolindwa. Simlaumu yule dada. Alitumwa atafute chakula, na chakula alikipata.

Sasa, saa tisa hivi, watoto wakiwa wamejaa, mtu akauliza karibu na gurudumu kubwa, "Hii begi ni ya nani?" Akauliza tena. Ilikuwa begi ya shule, rangi ya samawati, chini ya benchi. Hakuna aliyejibu. Nairobi hii, swali hilo likiulizwa mara ya pili bila jibu, hata asiyejua historia hujikuta amenyamaza. Msimamizi akaja. Akasimama kama hatua ishirini hivi kutoka kwenye benchi, akaita: "Soja! Kuja ucheki hii kitu."

Soja alikuwa kijana tu, koti la sare limemzidi mabega. Alikuwa na rungu na filimbi. Redio ya mawasiliano hakuwa nayo. Alilitazama begi, akamtazama msimamizi, kisha akaenda akapiga goti, akashika zipu.

Na sisi? Sisi watu kama sitini hivi tulikuwa tumeshafanya duara, simu juu. Nami nilikuwemo. Nilikuwa nimembeba mpwa wangu mabegani ili aone vizuri.

Zipu ikafunguka. Nepi, shati la mtoto lililolowa, na hotpot yenye chapati sita. Watu wakaangua kicheko. Msimamizi alipoona hakuna hatari akasogea, akachungulia, na neno lake la kwanza kwa yule kijana halikuwa pole wala asante. "Na hizi chapati ziliingiaje?"

Nimelifikiria swali hilo tangu siku hiyo, kwa sababu ni swali zuri kuliko msimamizi mwenyewe alivyojua. Ziliingiaje? Kama hotpot ya chuma, nzito, ya moto, imepita kwenye meza na kijiti cha kulia ikiwa imefunikwa na nepi, basi ile meza inazuia nini? Inazuia njugu za mjinga kama mimi aliyeziweka juu. Tuache kuuita ukaguzi wa usalama. Ni ukaguzi wa kantini uliovaa sare.

Kuna watakaoniambia nimesahau tulikotoka. Hapana. Hebu tuhesabu pamoja. Tarehe 7 Agosti 1998, bomu la ubalozi wa Marekani liliua watu 213 hapa Nairobi. Lilikuja kwa lori. Tarehe 21 Septemba 2013, Westgate, watu 67 waliuawa, wengine wakiwa kwenye paa la maegesho ambako watoto walikuwa na shindano la upishi. Wauaji walifika kwa gari. Tarehe 15 Januari 2019, DusitD2, watu 21. Wauaji walifika kwa gari. Mara tatu, gari. Halafu mpaka leo, kwenye malango ya mahali pa starehe, mwenye gari hupewa saluti na mwenye miguu huambiwa amwage begi mezani. Hii haitokani na hesabu yoyote ya hatari. Inatokana na fikra kwamba mtu aliyekuja kwa matatu tayari ni mtuhumiwa, na mwenye gari ni mgeni.

Na pale ambapo watu wa matatu ndio waliokufa, hakuna aliyetuwekea meza. Mei 2014 milipuko miwili Gikomba, mmoja ukiwa kwenye matatu, iliua watu wasiopungua kumi. Mimi hununua nguo Gikomba. Sijawahi kupigwa na kijiti cha kulia nikiingia.

Nirudi 1998, kwa sababu kuna mambo mawili ya siku ile ambayo tunapaswa kuwa tunayajua kama tunavyojua wimbo wa taifa. La kwanza: lori lilipofika nyuma ya ubalozi, walinzi wa lango, Wakenya wenzetu wasio na silaha, walikataa kufungua kizuizi. Walikataa. Mmoja wao alijaribu kuita msaada kwa redio, masafa yakawa yana mtu anayezungumza. Mlinzi alifanya kazi yake; wa kumjibu ndiye hakupatikana. Lori halikuingia walikotaka liingie, na bado watu 213 wakafa.

La pili linaniuma zaidi kwa sababu linanihusu. Kabla ya bomu kubwa, washambuliaji walirusha guruneti. Watu waliokuwa kwenye majengo ya jirani walisikia kishindo, wakafanya kile Mkenya yeyote angefanya: wakakimbilia madirishani kuona kuna nini. Sekunde chache baadaye bomu likalipuka na vioo vikawaingia usoni. Wengi waliopofuka siku ile walipofuka wakiwa wanachungulia. Nami, baada ya miaka yote hiyo, nimesimama kwenye duara na mtoto wa dada yangu mabegani, ili achungulie.

Hakuna aliyetuambia turudi nyuma. Spika za bustani zilikuwa zinapiga muziki muda wote ule. Kulikuwa na mtu mwenye maikrofoni aliyekuwa akitangaza ofa ya pizza tangu asubuhi. Angeweza kusema maneno matano tu.

Ikiwa unadhani haya ni maradhi ya Afrika, angalia Atlanta. Usiku wa tarehe 27 Julai 1996, wakati wa Olimpiki, mlinzi wa kampuni binafsi aitwaye Richard Jewell aliona begi la mgongoni chini ya benchi kwenye bustani ya Centennial, watu wakiwa kwenye tamasha. Hakulifungua. Alimwambia askari aliyekuwa karibu, wataalamu wa mabomu wakaja wakathibitisha ni bomu, na Jewell akasaidia kuwasogeza watu. Muda huohuo mtu alikuwa amepiga simu ya dharura kuonya kwamba kuna bomu bustanini, lakini dakika zikapotea kwa sababu waliopokea simu hawakuwa na anwani ya bustani hiyo kwenye kompyuta yao. Hebu fikiria, bustani iliyojengwa kwa ajili ya Olimpiki! Begi likalipuka. Mwanamke mmoja aliuawa, mpigapicha mmoja akafa kwa mshtuko wa moyo akikimbilia eneo lile, na watu 111 wakajeruhiwa. Bila yule mlinzi wangekufa wengi zaidi.

Alipewa sifa siku tatu. Kisha gazeti likaandika kwamba FBI inamshuku yeye mwenyewe. Kwa siku 88 aliishi kama mhalifu, kamera nje ya nyumba ya mama yake, mpaka serikali ilipokiri kwa barua kwamba si mshukiwa. Aliyetega bomu, Eric Rudolph, alikuja kukiri kosa mahakamani mwaka 2005. Kwa nini walimshuku Jewell? Pamoja na mengine, kwa sababu ndiye aliyeliona begi. Mlinzi ana bahati hiyo mbaya ya kuwa karibu.

Lakini tazama tofauti. Jewell aliona begi, akamwita mtu, mtu akaja. Kijana wetu aliitwa na mtu aliyesimama hatua ishirini nyuma. Zile hatua ishirini ndizo zinazonikera kuliko njugu zangu. Kwa maana msimamizi alijua. Alijua kabisa kwamba begi lisilo na mwenyewe halifunguliwi hovyo, ndiyo maana hakusogea. Alichofanya ni kuchagua nani afe kama ni kweli.

Na bei ya huyo aliyechaguliwa? Mwishoni mwa 2023 mamlaka inayosimamia kampuni za ulinzi binafsi iliagiza mlinzi wa Nairobi alipwe si chini ya shilingi 30,000 kwa mwezi, pamoja na posho ya nyumba na saa za ziada. Kampuni zikapiga kelele, mambo yakafika mahakamani. Hoja kubwa ya wapinzani ilikuwa kwamba wateja hawataweza kulipa. Wateja wenyewe ni hizi mall, hizi bustani, haya maofisi ya vioo. Wana pesa za gurudumu la kuingizwa kutoka ng'ambo. Elfu thelathini kwa mtu wa kupiga goti mbele ya bomu ndiyo inawaua.

Sheria ya mwaka 2016 ilimpa mlinzi mamlaka ya kukupekua langoni na hata kushika kitambulisho chako kwa muda. Tukampa mamlaka juu ya mifuko yetu, tukasahau kumpa redio.

Tena tatizo la begi lenyewe limetengenezwa na bustani. Kwenye gurudumu kubwa kuna kibao kinachosema hairuhusiwi kupanda na begi. Hatua tano mbele kuna kibao kingine: usiache mzigo wako bila mtu. Sasa mama aliyekuja na watoto wawili peke yake afanye nini, alimeze? Kwenye bustani za Universal kule Orlando huruhusiwi kupanda baadhi ya bembea na begi, lakini wamekuwekea kabati la kufungia karibu na foleni. Kabati, jameni. Bati na kufuli. Fundi wa Kariobangi anakutengenezea ishirini kwa wiki moja.

Na hakuna uchawi katika kulitambua begi la kutiliwa shaka. Polisi wa Uingereza huwafundisha wafanyakazi wa stesheni kujiuliza: limefichwa makusudi? Lina kitu kinachotisha waziwazi, kama nyaya? Je, ni kitu cha kawaida kwa mahali hapa? Begi la shule, wazi chini ya benchi, kwenye bustani ya watoto, siku ya Pasaka, mita chache kutoka mahali ambapo watu hulazimishwa kuacha mabegi. Ungeanza na maikrofoni kumtafuta mwenyewe. Majibu yakikutia wasiwasi, huligusi: unaondoa watu, unaita polisi. Somo zima unaweza kulimaliza kabla chai haijapoa. Yule kijana nilimuuliza baadaye kama amewahi kufundishwa. Akacheka. "Tulifundishwa saluti, boss."

Simu yangu bado ina ile video, sekunde arobaini na moja. Sijaiposti. Ukiitazama unasikia sauti yangu nikisema "songa kidogo tuone", na sauti ya mpwa wangu juu yangu ikiuliza, "Anko, ni nini? Anko, ni nini?"

Mwenye begi alikuja kama dakika kumi baada ya kicheko kuisha, mtoto mmoja mgongoni na mwingine mkononi, wote watatu wamelowa. Walikuwa wamekwenda chooni kubadilisha nguo wakakuta foleni.

"Soja, nani amefungua begi yangu?"

"Ni mimi, madam. Pole."

Akachuchumaa, akaanza kuhesabu. Nepi. Shati. Chapati hazikuwepo, zilikuwa zimepelekwa langoni, kwenye karai. Akaendelea kupekua. "Na mia mbili yangu ya fare iko wapi?"

Msimamizi akamgeukia kijana. Nasi tuliobaki tukamgeukia kijana. Hakusema kitu. Aliweka rungu chini, akavuta mifuko ya suruali yake nje, yote miwili, halafu ya koti.

Mama akaipata noti kwenye mfuko wa pembeni. Akafunga begi, akamshika mtoto mkono, wakaelekea langoni kuulizia chapati zao. Kijana alikuwa bado anarudisha mifuko ndani.