Kifafa: Kipimo cha Damu na Nauli ya Boti

Siku hizi wanasayansi wanatafuta ndani ya damu ya wenye kifafa dalili za kuumia kwa seli za ubongo. Seli ikijeruhiwa, protini zake huvuja, na kiasi kidogo sana huingia kwenye damu. Moja huitwa neurofilamenti, hutoka kwenye nyuzi za neva. Nyingine ni S100B. Mtukutiko ukidumu muda mrefu bila kukatika, viwango vyake vinaweza kupanda. Naifurahia kazi hii, kwani inasema kwa lugha ya maabara jambo ambalo familia nyingi hazijaambiwa: panapoumia ni ubongo, wala hakuna aliyerogwa.

Ila tusikimbilie. Kipimo hicho hakisemi kama mtu ana kifafa au hana. Neurofilamenti hupanda pia kwa uzee, na kwa mtu aliyeanguka akagonga kichwa. S100B hutoka hata kwenye mafuta ya mwili. Kifafa bado hutambuliwa hasa kwa masimulizi: nani alimwona akianguka, kulianzaje, kulichukua dakika ngapi. Mama anayesikilizwa bila haraka humsaidia daktari kuliko mashine ya bei kubwa.

Tulete sasa habari hii delta ya Rufiji. Kutoka kijiji cha katikati ya mikoko hadi Nyamisati, kisha barabara hadi Kibiti, msafiri husubiri maji kupwa na kujaa, na mafuriko kama yale ya Aprili 2024 huvuruga kila kitu. Mvuvi akishikwa na kifafa ndani ya mtumbwi anaweza kuzama. Mtoto huangukia mafiga. Pwani wapo wanaoamini degedege huletwa na ndege wa usiku, na kwamba mtoto akichomwa sindano atakufa. Nenda uwaambie hao kwamba unataka damu!

Wanachohitaji kwanza ni dawa. Fenobabitoni ilianza kutumika kwa kifafa mwaka 1912, bei yake ni ndogo, na humezwa kila siku. Shirika la Afya Duniani linakadiria kuwa hadi asilimia 70 ya wenye kifafa wangeweza kuishi bila kuanguka wakitibiwa ipasavyo. Lakini vidonge vikikatika ghafla kwa kukosa nauli, mitukutiko hurudi, pengine kwa nguvu kuliko mwanzo. Na chandarua nacho kimo katika hesabu hii: utafiti wa Kilifi, Kenya, ulionyesha kuwa watoto walionusurika malaria ya ubongo hupata kifafa zaidi kuliko wenzao.

Si ndoto. Kule Mahenge, daktari Louise Jilek-Aall alianzisha kliniki ya kifafa miaka ya 1960, akakuta wagonjwa waliotengwa kwa hofu ya povu la mdomoni. Kwa dawa za kawaida tu, wengi walirudi shambani na kwenye familia zao.

Sisi wa Kanisa tuna deni hapa. Sheria ya Kanisa ya mwaka 1917, kanuni ya 984, ilimzuia mwenye kifafa kupata daraja takatifu, ikimweka kundi moja na waliopagawa na pepo. Ile ya 1983 haikitaji tena kifafa. (Pius IX mwenyewe alisumbuliwa na kifafa ujanani, akawa Papa.) Hata hivyo kijana akianguka katikati ya Misa, bado wapo wanaoanza kukemea. Ndugu mseminari, mlaze ubavu, usimtie kijiko mdomoni, tazama saa. Zikipita dakika 5, apelekwe hospitali. Sala zitaendelea.

Katika delta Wakatoliki ni wachache na majirani wengi ni Waislamu. Napendekeza kila kigango kitenge sehemu ya sadaka ya mwezi kwa nauli ya boti ya mgonjwa na msindikizaji wake, bila kuuliza dini. Siku watafiti watakapofika Kibiti na chupa zao za damu, wawakute watu hao tayari wanameza dawa.