Uza Hedseti ya Gemu kwa Sauti, Siyo kwa Taa

Wapambanaji wenzangu, leo nasema jambo ambalo wengine mtanichukia. Sisi tunaouza hedseti za gemu mtandaoni, wengi wetu hatujui tunauza nini. Naanza na mimi mwenyewe.

Mwaka jana nilichukua Kariakoo dazeni moja ya zile hedifoni kubwa zenye taa za rangi na maiki inayochomoza pembeni. Nikazipiga picha usiku, chumba giza, taa zinawaka. Maelezo nikanakili kwenye boksi: 7.1, maiki kali, za gemu. Nikaweka na bei. Zikaanza kutoka. Ya nne ikaenda Mbeya kwa basi. Siku iliyofuata mteja ananitumia video: kachomeka USB kwenye PS4, taa zinawaka vizuri kabisa, sauti hakuna. Halafu akaenda chini ya posti yangu akaandika neno moja tu: tapeli.

Hedseti haikuwa mbovu, bana. Hizi za bei ya chini zenye taa, nyingi USB yake inapeleka umeme wa taa tu. Sauti na maiki vinapita kwenye ile pini ndogo ya milimita 3.5. Na hii ya kwangu ilikuwa na pini mbili, moja ya sauti na moja ya maiki, kwa ajili ya kompyuta ya mezani. Padi ya PS4 ina tundu moja. Angechomeka ile ya sauti angesikia gemu, ila wenzake wasingemsikia yeye. Alichokosa ni kile kiwaya kifupi cha kuunganisha pini mbili ziwe moja, kitu cha bei ndogo sana, na mimi sikumwekea kwa sababu hata sikujua kama kipo.

Nikamrudishia hela yake yote, na gharama ya basi kwenda na kurudi ikawa juu yangu. Faida ya zile tatu za mwanzo ikaishia hapo. Lile neno lilikaa siku mbili kabla hajalifuta, na siku hizo mbili hakuna mtu aliyeniuliza bei ya chochote, hata chaja.

Ndiyo maana nasema: usipokee hela ya hedseti ya gemu kabla hujamuuliza mteja anachezea kwenye nini. "Kaka, unachezea simu, kompyuta, PS au Xbox?" Basi. Wapo wanaosema ukimuuliza mteja maswali anakimbia, yeye anataka bei na namba ya kulipia. Sikubali. Mtu wa gemu anapenda kuulizwa, ukimwachia nafasi atakutajia mpaka kikosi chake cha mpira. Anayekimbia ni yule aliyekwisha kuuliza bei kwenye kurasa kumi, na huyo angekimbia tu.

Akijibu, tayari unajua umpe nini. Wa PS4 au PS5 mpe ya pini moja, na kabla hujafunga mzigo hesabu mistari ya plastiki kwenye hiyo pini. Mitatu, kuna njia ya maiki. Miwili, ni ya kusikiliza tu, hata kama kwenye boksi kuna picha ya mtu anaongea. Usimpe hedifoni ya Bluetooth ya kawaida ukamwambia itakubali, kwa sababu PS4 na PS5 haziziunganishi moja kwa moja. Xbox nayo hivyohivyo. Akitaka isiyo na waya, atafute inayokuja na kidude chake cha kuchomeka kwenye mashine, na ya Xbox lazima boksi liseme Xbox. Wenye Xbox One za mwanzo kabisa, zile za 2013, waulize kama padi ina tundu la pini, maana padi za wakati ule hazikuwa nalo.

Wa simu, vijana wa PUBG na Free Fire, ndio wengi, na ndio tunaowakosea zaidi. Tunawasukumia Bluetooth kwa sababu inapendeza. Bluetooth inachelewesha sauti. Kwenye muziki huoni tofauti, kwenye gemu unapigwa ndipo unasikia hatua za aliyekupiga. Halafu mara nyingi ukiwasha maiki, sauti ya gemu inashuka inakuwa kama ya kupigiwa simu. Mshauri waya. Simu yake ikiwa haina tundu la pini, muuzie na adapta ya Type-C, ila muulize aina ya simu, maana adapta moja haikubali kila simu.

Sasa maiki. Hapa ndipo nimebadilika kabisa. Picha ya maiki haimwambii mteja kitu. Mimi siku hizi nachomeka hedseti kwenye simu yangu, nawasha feni, narekodi ujumbe wa sauti WhatsApp wa sekunde kumi na tano, namtumia. Anasikia mwenyewe kama feni inanguruma kuliko mimi. Ila kuwa makini, simu inaweza ikawa inarekodi kwa maiki yake yenyewe na wewe ukajisifia bure. Gonga maiki ya hedseti kwa ukucha wakati unarekodi. Ukisikiliza usiposikia huko kugonga, hiyo siyo maiki unayoiuza. Za pini mbili zijaribu kupitia kile kiwaya cha kuunganisha, hapohapo unajua nacho kama kizima. Na mwambie mteja maiki ikae pembeni ya mdomo, siyo mbele yake, la sivyo wenzake watasikia anavyopumua.

Hiyo 7.1 futeni kwenye matangazo kama hedseti ni ya pini. Pini hiyo inapitisha sauti ya kushoto na ya kulia, basi. PS5 yenyewe inatengeneza sauti ya 3D hata kwa hedifoni za kawaida, kwa hiyo mwenye PS5 hahitaji kulipia namba iliyoandikwa kwenye boksi.

Kingine ambacho hatusemi ni joto. Kwa Dar hii, sponji za ngozi bandia mtu akivaa saa mbili masikio yanaloa, na baada ya muda ile ngozi inaanza kubanduka magamba meusi yanayobaki shingoni. Ukipata za kitambaa zichukue, hata zikiwa hazina taa. Nimeona wateja wanaorudi kununua tena ni wa hizo.

Ule mzigo wa taa umebaki hedseti mbili. Kila moja sasa inatoka na kiwaya chake ndani ya boksi, na posti inasema wazi kwamba USB ni ya taa tu. Bei nimepandisha elfu tatu. Tangu nianze hivyo hakuna iliyorudi. Yule wa Mbeya nilimwandikia nimtumie kiwaya bure, akasema alishanunua kwa mtu mwingine.