TUSIIBIANE UJANA

Wahenga walisema njia ya mwongo ni fupi. Nami naongeza kwamba mwongo akiipitia uwanjani, huwafungia njia wenzake.

Bara letu lina Michezo ya Vijana wa Afrika. Ilianzia Rabat, Morocco, mwaka wa 2010, ikaenda Gaborone, Botswana, 2014, kisha Algiers, Algeria, 2018. Hapo ikakwama. Lesotho ilikuwa imepewa zamu, lakini hatimaye michezo ya nne ilifanyika Luanda, Angola, Desemba 2025. Hebu piga hesabu: aliyekuwa na miaka 14 wakati wa Algiers alikuwa na 21 wakati wa Luanda. Ujana haungoji mtu. Ukikosa nafasi mara moja, huenda umekosa kabisa.

Ndiyo maana nasema kudanganya umri ni wizi. Mwaka jana nilikimbia mita 800 katika mashindano ya kaunti ndogo. Walitakiwa watatu kusonga mbele, nami nikawa wa nne. Mshindi alivaa sare ya shule fulani. Wiki mbili baadaye nilichelewa asubuhi, nikasimamisha bodaboda. Kumbe mwenye pikipiki ni yeye! Alinitambua, akacheka, akanibeba bure. Njiani aliniambia kwamba alimaliza kidato cha nne zamani na ana mtoto wa nasari.

"Waliniita tu niwasaidie, ndugu yangu. Walinipa chamcha na nauli."

Nikamuuliza alifika wapi. Akasema hakuenda popote, maana ngazi iliyofuata waliitisha cheti cha kuzaliwa. Jamani! Nafasi yangu iliuzwa kwa sahani ya chakula, kisha ikabaki wazi bila mtu.

Wapo watakaosema eti kila shule hufanya hivyo, na tukiacha sisi tutashindwa kila mwaka. Huenda tukashindwa kweli. Wala mimi si malaika. Timu yetu ya kandanda imewahi kuwa na "mwanafunzi" ambaye hatukumjua darasani, nami nilimshangilia mpaka sauti ikakauka. Siku hiyo sikujiuliza ni nani wa shule ile nyingine aliyerudi nyumbani akilia.

Maoni yangu ni haya. Walimu wetu, vyeti vya kuzaliwa vikaguliwe tangu mashindano ya chini kabisa, na asiye na cheti asaidiwe kukipata mapema. Wanafunzi wenzangu, tusimpigie makofi mtu tunayejua si mwenzetu. Olimpiki ya Vijana ya 2026 imepangiwa Dakar, Senegal, ya kwanza kabisa kuletwa Afrika. Njia ya kufika viwanja kama hivyo huanzia kwenye vumbi la kaunti ndogo.

Mimi nina miaka kumi na sita. Afadhali nishindwe na wa kumi na sita mwenzangu, nimpe mkono, nijue nilishindwa na nani.